Nani wa Kumwinukia Rotia

Alhamisi ndiyo siku iliyokuwa na watu. Siku nyingine Rotia aliamka, akampikia mtoto uji, akafua, akaanika, mvua ya mji wa Suva ikaja kama iliyokuwa ikimvizia dirishani, akaanua mbio, na mpaka giza linaingia alikuwa hajasema na mtu mzima hata mmoja. Aliongea na Tebora, naye Tebora hakuwa na maneno bado, alikuwa na mate tu na vidole vya kuvuta nywele. Siku moja birika lilipiga mluzi jikoni na Rotia akajikuta akiliambia, "Ngoja, mwenzangu, nakuja." Akasimama katikati ya chumba akiona haya, ingawa hapakuwa na wa kumwonea haya.

Chumba kilikuwa mali ya chuo kikuu, katika nyumba za safu wanakokaa wanafunzi wenye ndoa, chini ya kilima. Mwanafunzi alikuwa mumewe, Taatoa. Yeye Rotia alikuwa mke wa mwanafunzi, cheo kisicho na darasa, wala mwalimu, wala mtu wa kukaa naye dawati moja. Walitoka Onotoa, kisiwa chembamba cha Kiribati, ambako mtu akipiga chafya ufukwe wa huku, wa ufukwe wa kule anamwombea afya. Hapa jirani wa kulia alipiga ukuta kwa kiatu kila Tebora alipolia, na wa kushoto walitoka alfajiri wakarudi usiku. Muhula huu Taatoa alipelekwa kisiwa cha Rotuma na mwalimu wake kupima samaki wa miambani. Alimwachia mkewe simu, mchele na ahadi ya kurudi.

Basi Alhamisi moja, mchana ukiwa umeanza kupoa, Rotia alisikia sanduku likipigwa.

Alilijua hata kabla hajajua kuwa anasikiliza. Ni sanduku la mbao lililopinduliwa, wanaume wamelizunguka wamekaa kitako, wanalipiga kwa viganja na kuimba. Alimbeba Tebora kiunoni akaifuata sauti ile, akapita maktaba, akatokea kwenye banda la sanaa: paa kubwa lisilo na kuta, sakafu ya mbao, mikeka ya mkadi imetandikwa. Chuo kilikuwa na desturi kwamba Alhamisi mazoezi yako wazi, na mtu yeyote wa mjini aingie. Waliingia kweli. Kulikuwa na watoto wa shule na mabegi yao, mwenye duka la vitambaa, mlinzi aliyemaliza zamu, akina mama wenye mihogo ya kuchemsha kwenye mabakuli. Watu wa Tonga walikuwa pembe ile, vijana wa Rotuma pembe hii, na katikati, watu wa kwao.

Mzee aliyeongoza kikundi alikuwa Teburea, mtu wa kisiwa cha Tabiteuea, mwenye shingo nene na sauti nyembamba. Alimwona Rotia ukingoni, akaiona mikono yake inavyotikisika mapajani bila yeye kujijua.

"Wewe binti wa wapi?"

"Onotoa, baba."

"Onotoa kubwa. Wa nani?"

Rotia akamtajia baba yake, na babu yake, na maneaba, jumba la mikutano la kijiji, wanamokaa. Teburea akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa chenji sawasawa.

"Mtoto mpe mtu. Kaa hapo, mstari wa pili."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Ngoma yenyewe ilikuwa ile ya kukaa chini, mikono na shingo ndivyo vinavyosema, kichwa kinakatwa ghafla huku na huku kama ndege wa bahari anayetazama maji. Na hakuna kucheka. Mchezaji wa Kiribati akitabasamu ni kama ametema mate msikitini. Teburea hakuchoka kuwakumbusha. "Anayetaka kuonyesha meno," alisema, "aende kwa wale wa Tahiti, wanapokea." Baada ya majuma machache akamvuta Rotia mbele, akamkalisha katikati ya mstari wa kwanza. Wiki nzima Rotia alifua huku akiimba.

Mtoto, Rotia alimpa Bibi Shanta.

Bibi Shanta alikuwa mjane wa Kihindi wa hapo hapo Suva, nyumba yake nje kidogo ya lango la chini la chuo. Alikuja kila Alhamisi na mwavuli, hata jua likiwaka, akakaa kwenye benchi la pembeni. Hakucheza, hakuimba, hakuuliza kitu. Maonyesho ya picha alikuja, kwaya ya chuo alikuja, hata ile mihadhara ya watu wanaosoma mashairi kwa sauti ya kunong'ona alikuja. Siku ile ya kwanza Rotia alipogeuka akitafuta wa kumpa mtoto, mikono ya Bibi Shanta ilikuwa imeshanyooshwa.

"Mlete. Wangu wamekua, mmoja Brisbane, mmoja Auckland. Wanazungumza nami kwenye simu huku wanaendesha gari."

"Analia akiona sura mpya, bibi."

"Na alie. Mimi nina muda."

Tebora hakulia. Aliushika mwavuli, akautia mdomoni, wakawa marafiki.

Kisha likatangazwa onyesho. Jumamosi ya mwisho wa muhula chuo kingefungua milango kwa mji mzima: picha ukumbini, vitabu uani, vyakula, na ngoma bandani kuanzia mchana. Mazoezi yakachangamka, na midomo nayo ikachangamka. Mwenye mdomo kuliko wote alikuwa Bwena, mke wa mhasibu, mwanamke mnene mzuri aliyekaa kulia kwa Rotia na kunukia nazi.

"Rotia," alisema siku moja wakiwa wanapumzika, "wewe marashi yako yako tayari?"

"Marashi gani, dada? Mtu hajipulizii mwenyewe."

"Ndiyo maana nauliza. Mimi dada zangu watatu wanakuja, na sasa hivi wanagombana nani aanze. Hata mume wangu, mzito wa kuinuka kama gunia la chumvi, nimemwambia, siku hiyo ukikaa utalala na kuku."

Wanawake wakacheka. "Kuku gani, unao kuku wewe?" mmoja akauliza.

"Nitanunua kwa ajili hiyo."

Wakacheka tena. Bwena akamgeukia Rotia. "Haya, na wako nani?"

"Taatoa atakuwa amerudi."

"Kwa ile meli ya Rotuma? Meli ile ikifika siku iliyosema itafika, mimi nitaogelea mpaka Tarawa kule kwetu kupeleka habari."

Rotia alicheka nao, maana usipocheka ndiyo unawapa chakula. Lakini neno lilimwingia.

Maana kwao ngoma ina jambo hili. Ikishapanda, sauti za wanaume zimekaza na mikono ya wachezaji inatetemeka, mtu huinuka kutoka kwa watazamaji na chupa ya marashi au mkebe wa poda. Anapita katikati ya mikeka, anamwendea mchezaji mmoja, anampulizia shingoni, anampaka poda mgongoni, anarudi kukaa. Hasemi kitu. Amekwisha kusema mbele ya watu wote: huyu ni wangu. Hakuna sheria inayomkataza mgeni kufanya hivyo, ila mara nyingi ni mama yako, shangazi yako, mumeo, mtu wa damu au wa nyumba. Na yule ambaye hakuna aliyeinuka kwa ajili yake anabaki mkavu mpaka mwisho, mabega yake yanang'aa mafuta peke yake katikati ya mabega yaliyojaa unga mweupe. Hakuna atakayemtaja, ila kila mtu ameona. Mstari wa nyuma mtu anaweza kujificha. Rotia alikuwa mbele, katikati.

Kule Onotoa hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Alipocheza mara ya kwanza akiwa msichana, shangazi zake walimmwagia poda hadi akakohoa.

Juma lenyewe la onyesho Taatoa alipiga simu. Sauti ilikuja na kukatika, kama mtu anayezungumza huku anafungua na kufunga mlango.

"Mashine ya meli imekufa," alisema. "Kifaa kinatoka Suva, kwa meli nyingine. Juma lijalo, labda."

"Labda."

"Nisikitike vipi zaidi, mke wangu? Nimekaa gatini kama nanga."

"Si kosa lako."

"Wewe kacheze. Cheza kama niko hapo."

Rotia alisema atacheza. Hakumwambia la Bwena. Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni muda kidogo, kwa kuwa ilikuwa na joto.

Alhamisi ile alimfuata Teburea kabla wenzake hawajakusanyika. Mzee alikuwa anakaza msumari uliolegea kwenye sanduku.

"Baba, nihamishe nirudi mstari wa pili."

"Kwa nini?"

"Mtoto. Akilia niweze kutoka."

Teburea aligonga msumari, akaupapasa. Mke wake mwenyewe alikuwa Tarawa, na yeye kazi yake ni kuimba, hawezi kuacha sanduku akainuka. Alimtazama Rotia, na Rotia akajua kwamba mzee ameelewa kuwa habari si ya mtoto.

"Mbele wanakaa wenye mikono," akasema. "Wenye ndugu wakae wanapopenda." Akaendelea na msumari wake.

Ikabaki njia moja. Bibi Shanta alikuwa benchini kwake, Tebora amemlalia kifuani. Rotia alikaa kando yake. Ingekuwa rahisi sana. Angesema: bibi, Jumamosi, wimbo ukipanda, chukua mkebe wa poda uje unipake. Maneno machache tu. Lakini kuomba upakwe poda ni sawa na kujiandikia barua ya mapenzi kisha ukashukuru kwa kupendwa. Na mpakaji akiwa ametumwa, poda ile ni ya nini?

"Una kitu unataka kusema," Bibi Shanta alisema.

"Hapana, bibi. Nimechoka tu."

"Hapa ni pazuri kwa kuchoka," alisema yule mama. "Unakaa katikati ya watu, hakuna anayekuuliza umekuja na nani. Mwaka wa tatu sasa nakuja. Kanisani wanakuuliza, hekaluni wanakuuliza, hata sokoni, leo peke yako? Hapa wanakupa kiti."

Rotia akainamisha kichwa. Aliwaza kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwa wanaotazama tu.

Jumamosi ilikuja na jua kali, jambo ambalo Suva hulitoa kwa nadra na kwa kinyongo. Mji ulipanda kilima. Watu walijaa uani, samaki wa kuchoma, chapati zilizokunjiwa viazi, watoto wenye barafu za rangi zinazowachuruzikia mpaka viwikoni. Nyuma ya banda wanawake wa Kiribati walikuwa wanapakana mafuta, wanafungana sketi za majani, wanavishana mataji ya maua. Bwena alimfunga Rotia taji lake, akalikaza kwa nguvu.

"Usitikisike. Una kichwa kidogo kama nazi ya kwanza."

"Na wewe una mkono kama kamba ya meli."

"Ndiyo hivyo, nijibu. Uso ule wa matanga uache huku nyuma."

Akaja Mereseini, msichana wa Kifiji aliyesimamia ratiba ya sanaa pale chuoni, mbio mbio, kipaza sauti mkononi.

"Mzee Teburea, nina ombi dogo. Mwaka jana wageni wa mjini waliniuliza kama watu wa Kiribati walikuwa wamekasirika. Mnaweza kutabasamu? Kidogo tu, mwishoni."

Teburea alimtazama kwa upole. "Mwanangu, wakikuuliza tena, waambie ndiyo, tumekasirika. Watakaa kimya wasikilize."

Wakaingia.

Mwanzo wa ngoma ni mdogo. Wanaume huanza chini, karibu na pumzi, sanduku linaguswa tu. Rotia alikaa katikati ya mstari wa mbele, mgongo wima, macho mbele, hayaangalii mtu. Aliwaona watu kwa pembe za macho tu, kama rangi. Upande wa kushoto kulikuwa na rangi ya zambarau isiyotikisika, akaijua kuwa ndiyo sari ya Bibi Shanta, na juu ya zambarau ile doa jeupe, kofia ya Tebora. Mkono wake wa kulia ukapanda. Ukakaa hewani. Kichwa kikakata kushoto, na dunia ikawa mikono.

Ubeti wa pili sauti zilikaza. Hapo ndipo wa kwanza alipoinuka: dada yake Bwena, mkubwa, aliyewashinda wenzake kugombea. Fuu, marashi shingoni. Wa pili akamfuata na poda kabla wa kwanza hajakaa. Kushoto kwa Rotia msichana wa kisiwa cha Marakei aliendewa na mama yake na kaka yake pamoja. Nyuma yake akasikia mkebe ukitikiswa, na mwingine, na harufu za maua ya dukani zikachanganyika na jasho na nazi. Poda iliyopeperuka kutoka kwa wengine ilimwangukia Rotia gotini kidogo. Ilikuwa ya mwingine, imepotea njia.

Alicheza. Ubeti wa tatu ukaingia kwa kishindo na Rotia alikuwa bado mkavu. Aliusikia mgongo wake mwenyewe, mpana kama uwanja usio na mtu. Alijiambia, mikono, mikono tu. Mikono haikumwangusha hata mara moja. Ilikuwa inatetemeka pale panapotakiwa, vidole vinasimama pale panapotakiwa, na watu wa mjini waliokuwa wanakula waliacha kutafuna. Kama Taatoa angekuwepo angeona. Na kwa kuwa hakuwepo, nani aliyeona?

Ile zambarau ikainuka.

Moyo wa Rotia uliruka hata akaogopa utaonekana usoni. Bibi Shanta alikuwa anakuja, mwavuli ameuacha, Tebora kiunoni, na mkononi mkebe mdogo wa poda ya mtoto uliokuwa kwenye mfuko wa nepi. Ameelewa. Hakuambiwa na mtu, ametazama tu na ameelewa.

Kisha akasimama mwanzo wa mstari, kwa msichana wa pembeni kabisa, ambaye Rotia hakujua hata jina la baba yake. Akatikisa poda kidogo kiganjani, akampaka begani. Akasogea kwa wa pili. Akatikisa, akapaka. Akasogea. Alikwenda taratibu, kwa heshima, bila kumruka mtu, akimpa kila mmoja sawa na mwenzake, na alipofika kwa msichana wa Marakei ambaye tayari alikuwa mweupe kama ukuta mpya, naye akampa.

Akafika kwa Rotia. Kiganja kilikuwa kikavu na chepesi. Kiasi kile kile. Hakukawia, hakubonyeza bega, hakumwonyesha kwa lolote kwamba huyu ndiye. Tebora tu, alipomwona mama yake kwa karibu, akatoa sauti ya furaha na kunyakua ua moja kutoka kwenye taji, na watazamaji wakaangua kicheko. Kicheko kilimpanda Rotia mpaka kwenye midomo. Aliuma shavu kwa ndani. Kichwa kikakata kulia, kama inavyotakiwa, na Bibi Shanta alikuwa ameshapita, yuko kwa Bwena, anatafuta mahali begani pasipo na poda.

Alipaka mstari wa pili pia. Alipaka wanaume kwenye sanduku. Alimpaka Teburea kwenye upara katikati ya wimbo na mzee hakukosa pigo hata moja. Alimalizia kwa Mereseini, aliyesimama pembeni na kipaza sauti chake, akarudi benchini akaketi.

Wakati huo Rotia alikuwa analia. Kwao si vibaya kulia ngomani. Ni sifa, wanaume walipoona machozi yale walipandisha wimbo juu zaidi, na wazee wa Kiribati waliokuwa nyuma wakapiga kelele za kumtia moyo. Hakuna aliyeweza kujua ni machozi gani. Yeye mwenyewe hakujua vizuri.

Nyuma ya banda, ngoma ilipokwisha, maji yalipita kwa ndoo na kila mtu alisema kwa wakati mmoja.

"Bibi yako ametupaka sote kama maandazi," Bwena alisema, akijipangusa shingo.

"Si bibi yangu."

"Mimi nimefurahi, usinielewe vibaya. Lakini ile haihesabiki."

"Najua haihesabiki," Rotia alisema.

Alilisema polepole tu, bila ubishi, na pengine ndiyo sababu Bwena aliacha kujipangusa. Alimtazama mabega, akaona alama moja ndogo ya vidole kwenye mafuta, basi. Akaketi kando yake kwenye ngazi, ngazi ikalia.

"Hukuniambia kwamba huna mtu kabisa mjini," akasema, kama anamshitaki. "Dada zangu ni watatu. Mmoja ningekukopesha."

"Ungeniuliza bila kucheka, ningekuambia."

Bwena alimsogezea nusu ya samaki wake juu ya jani. Rotia akala, kwa kuwa alikuwa na njaa, na kwa kuwa samaki alikuwa mtamu.

Alimkuta Bibi Shanta pale pale benchini, watu wa Tonga wanaanza kujipanga bandani. Tebora alikuwa amelala, ua bado liko kwenye ngumi.

"Nimekosea," Bibi Shanta alisema kabla hajaulizwa. "Nimeona watu wanacheka. Niambie nimekosea nini."

Rotia angeweza kusema hapana, bibi, umefanya vizuri. Ndivyo mtu anavyomwambia mzee. Lakini alikuwa amekaa na ukimya miezi mingi na siku hiyo aliuchoka.

"Hukukosea. Ila kwetu, poda unampaka mtu wako. Unainuka kwa ajili ya mmoja."

Yule mama alifikiri. "Mmoja tu? Na wale wengine wanaangalia?"

"Wengine wana watu wao."

"Kwetu," alisema Bibi Shanta, "Jumanne baada ya kisomo na nyimbo za dini tunagawa tamutamu zilizobarikiwa. Mama yangu alinifundisha: hata mpita njia akisimama mlangoni, hata uliyegombana naye asubuhi. Ukimruka mmoja umeiaibisha nyumba. Basi nikaona watu wanagawa, wanampa huyu wanamwacha huyu, nikasema, hawa vijana hawana adabu, ngoja niwasaidie." Wimbo wa Kitonga ulianza, sauti nyingi kwa pamoja. "Kabla yangu, nani alikuja kwako?"

"Hakuja mtu."

Bibi Shanta hakusema pole. Alitazama mbele, kwenye ngoma, na mkono wake ukaendelea kumpapasa mtoto mgongoni. Akasema, "Nyumbani kwangu kuna vyumba vinne. Jumanne hatuzidi watu sita, wote wazee, na tunasahau maneno. Njoo. Huna haja ya kujua kuimba."

"Tebora atapiga kelele."

"Ndiyo maana nakwambia njoo."

Rotia alisema atakuja. Walikaa mpaka watu wa Tonga walipomaliza na vijana wa Rotuma wakaingia, na Rotia aliwatazama sana hao wa Rotuma, kana kwamba katikati yao angeweza kuona aliyetoka huko karibuni.

Simu ililia akiwa njiani kurudi, kwenye mteremko. Alimhamishia Tebora bega la pili.

"Niambie," Taatoa alisema. Upepo ulikuwa unavuma nyuma ya sauti yake. "Mikono ilikuwaje?"

"Mikono ilikuwa mizuri."

"Nilijua. Na nani aliinuka kwa ajili yako?"

Lilikuwa ndilo swali ambalo mtu yeyote wa kwao angeuliza kwanza, na hakuna ubaya ndani yake. Rotia aliendelea kushuka. Angeweza kumtajia dada yake Bwena, na Taatoa angefurahi, na lisingejulikana kamwe.

"Aliinuka bibi mmoja," akasema. "Mjane wa Kihindi, yule anayekaa na Tebora. Alimpaka kila mtu. Hata mzee Teburea, hata msichana wa kipaza sauti."

Upepo ulivuma Rotuma. "Kila mtu?"

"Kila mtu. Hakumruka yeyote."

"Basi hakuwa wako," Taatoa alisema, na sauti yake iliumia kwa ajili yake.

"Hakuwa wangu," Rotia alisema. "Lakini nami nilikuwemo."

Alingoja amjibu. Simu ilikuwa imekatika. Aliitia mfukoni. Mlangoni kwao jirani wa kulia alikuwa amekaa nje anavuta hewa, yule wa kiatu, kitabu kimefunguka magotini. Siku nyingine Rotia angepita ameinamisha uso.

"Habari za jioni," alimwambia. "Mimi naitwa Rotia."